Zamu ya Saba: Oktoba Inavyowahukumu Warushaji wa Besiboli

Katika besiboli ya Marekani mrushaji hupimwa mara mbili. Kwanza hupimwa kwa msimu mzima, mechi 162 za kila timu kuanzia masika hadi mwisho wa Septemba, ambamo kosa la leo husahaulika kwa kazi nzuri ya wiki ijayo. Kisha hupimwa tena Oktoba, katika mechi za mtoano, na huko mpira mmoja uliorushwa vibaya unaweza kukumbukwa miaka hamsini. Ni vigumu kumtaja mrushaji wa daraja la juu ambaye vipimo hivyo viwili vimepishana kama vilivyopishana kwa Clayton Kershaw, mashoto wa Los Angeles Dodgers aliyestaafu mwaka 2025. Katika misimu 18 ya kawaida alishinda mechi 223 na kupoteza 96. Alipata tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa ligi, mara tatu: 2011, 2013 na 2014. Wastani wake wa alama anazofungwa kwa kila zamu tisa, yaani kwa urefu wa mechi moja, ulikuwa 2.53, na katika kipimo hiki mdogo ndiye bora. Tangu mwaka 1920 hakuna mrushaji aliyefikisha zamu 2,500 akawa na wastani mdogo kuliko huo. Katika mechi za mtoano, hata hivyo, alishinda 13, akapoteza 13, na wastani wake ukapanda hadi 4.62. Kutokana na tofauti hiyo watu wengi walihitimisha kwamba Kershaw hana moyo wa Oktoba. Hoja ya makala hii ni kwamba namba yenyewe ni ya kweli, ila sehemu kubwa ya deni lake iliandikwa kwa jina lisilostahili. Kwa miaka mingi Oktoba imekuwa ikipima pia desturi ya makocha ya kumwacha nyota uwanjani hata baada ya nguvu zake kwisha, kisha lawama zikamwangukia nyota huyo peke yake.

Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Oktoba 1905 Christy Mathewson wa New York Giants alirusha mechi tatu za fainali kuu, World Series, ndani ya siku sita. Alirusha zamu zote 27, na Philadelphia Athletics hawakupata hata alama moja. Ilikuwa kazi ya ajabu, nayo ikajenga picha ya mrushaji mkuu kama mtu anayeanza mwenyewe na kumaliza mwenyewe, asiyeomba msaada. Miaka 20 baadaye picha hiyo ilimponza mwingine. Walter Johnson wa Washington Senators, aliyestaafu akiwa na ushindi wa mechi 417, alisubiri fainali yake ya kwanza tangu 1907 hadi 1924, akiwa na umri wa miaka 36. Akapoteza mechi ya kwanza, akapoteza na ya tano. Katika mechi ya saba aliitwa zamu ya tisa, matokeo yakiwa 3-3, akarusha zamu nne bila kufungwa. Ushindi ulipatikana zamu ya 12 kwa njia ambayo hakuna mrushaji anayeweza kujisifia. Mdakaji wa Giants, Hank Gowdy, alijikwaa kwenye barakoa yake mwenyewe akaukosa mpira rahisi uliopaa, kisha mpira mwingine uliokuwa ukiviringika ardhini ukadunda ghafla na kupita juu ya kichwa cha kijana Freddie Lindstrom. Kwa kujikwaa kwa mtu mmoja na mdundo mmoja wa mpira, Johnson akahama kutoka kundi la waliochelewa kufaulu hadi kundi la mashujaa.

Mwaka uliofuata unafundisha zaidi. Oktoba 1925, jijini Pittsburgh, Johnson alirusha mechi ya saba katika mvua kubwa. Timu yake ilianza kwa kuongoza 4-0, ikafika 6-3, na mwisho ikafungwa 9-7. Wapinzani walimpiga mpira baada ya mpira, na kocha wake, Bucky Harris, hakumtoa. Baada ya mechi, Ban Johnson, aliyekuwa rais wa ligi ya Washington, alimpelekea Harris simu ya maandishi akimlaumu kwa kumwacha mkongwe yule uwanjani kwa sababu ya hisia. Kwa hiyo miaka mia moja iliyopita tayari alikuwepo mtu wa ngazi ya juu aliyeona kwamba swali la kwanza si kama mrushaji alifungwa, bali nani aliyemwacha aendelee kufungwa. Swali hilo liliulizwa tena Oktoba 2003. Pedro Martinez wa Boston Red Sox aliingia zamu ya nane ya mechi ya saba dhidi ya New York Yankees akiongoza 5-2. Alikuwa amechoka, na uwanja mzima ulimwona. Kocha Grady Little alitoka, akazungumza naye, akarudi kukaa. Yankees wakasawazisha, na baadaye wakashinda katika zamu ya 11. Boston haikumlaumu sana Pedro. Ilimlaumu Little, ambaye hakupewa mkataba mpya. Ikiwa hiyo ndiyo sheria, Kershaw naye angepaswa kuhukumiwa kwa sheria hiyo hiyo.

Tutazame basi miaka ambayo hukumu ya Kershaw ilitengenezwa. Oktoba 3, 2014, dhidi ya St. Louis Cardinals, aliingia zamu ya saba akiongoza 6-2. Alikuwa amefungwa alama mbili tu, kila moja kwa mpira mmoja uliotua jukwaani, na katika mechi nzima idadi ya wapigaji aliowatoa kwa mipira mitatu (strikeout) ilifika kumi. Katika zamu hiyo ya saba wapigaji wanne wa kwanza walipiga vizuri mmoja baada ya mwingine. Hakutolewa. Akapigwa tena. Hakutolewa bado, hadi Matt Carpenter alipoupiga mpira uliowaingiza wakimbiaji watatu kwa pamoja. Jioni ile aliandikiwa alama nane, na Dodgers wakapoteza 10-9. Siku nne baadaye, kule St. Louis, alirudi akiwa amepumzika siku tatu badala ya nne zilizozoeleka. Kwa zamu sita aliruhusu mpira mmoja tu kupigwa salama. Zamu ya saba ikaanza, wawili wakapiga na kufika vituoni, na aliyefuata alikuwa Matt Adams, mashoto mwenzake. Kershaw alimrushia mpira wake maarufu wa kupinda, ule unaotoka juu na kudondoka miguuni mwa mpigaji, lakini safari hii haukudondoka vya kutosha. Adams aliupiga ukavuka uzio wa upande wa kulia, naye akaruka mikono juu hata kabla ya kuanza kukimbia. Kershaw aliinama, mikono magotini. Kutoka 2-0 ikawa 3-2, na msimu wa Dodgers ukaishia hapo.

Zamu ya saba ilimrudia pia mwaka 2015 dhidi ya New York Mets, alipotoka akiwa ameacha watu katika vituo vyote vitatu na mrushaji wa akiba akapigwa mpira ulioingiza wawili. Ilimrudia tena mwaka 2016 dhidi ya Washington Nationals. Alitoka akiongoza 5-2, vituo vimejaa, na wote watatu wakaingia baada ya yeye kuondoka. Kanuni za besiboli humwandikia alama mrushaji aliyemruhusu mkimbiaji kufika kituoni, hata kama mpira ulioingiza alama hiyo umerushwa na mwingine. Makocha walikuwa wawili, Don Mattingly hadi 2015 na Dave Roberts kuanzia 2016, lakini hesabu yao ilikuwa moja: Kershaw aliyechoka ni bora kuliko mtu yeyote aliyeko benchi. Hesabu hiyo inapuuza jambo ambalo wachambuzi wa mchezo wamelithibitisha kwa miaka mingi, kwamba mpigaji anayemkabili mrushaji yule yule kwa mara ya tatu katika mechi moja humpiga vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza. Ameshaiona mipira yake yote, na mkono unaoirusha umeshapoteza makali. Zamu ya saba mara nyingi ndiyo mahali mambo hayo mawili yanapokutana.

Wapo watakaosema kwamba huu ni utetezi wa kishabiki, na kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ni pingamizi la haki, na linastahili kujibiwa kwa hesabu. Tuchukue alama zote ambazo wenzake waliruhusu baada ya yeye kutoka katika mechi tatu nilizozitaja: moja mwaka 2014, mbili mwaka 2015, tatu mwaka 2016. Jumla ni sita. Tukizifuta zote sita, wastani wake wa Oktoba unashuka kutoka 4.62 hadi 4.35 tu. Hapa lazima tuwe wakweli: warushaji wa akiba walimwongezea mzigo, ila hawakuuumba. Njia ya pili ni kuzitoa mechi zake nne mbaya kuliko zote. Ni ile ya St. Louis ya 2013 alipofungwa alama saba katika zamu nne, ya Oktoba 3, 2014, ya Houston ya 2017, na ya Arizona ya 2023. Alama 27 kati ya 101 alizofungwa katika maisha yake ya Oktoba zilitoka humo, katika zamu zisizofika 16. Zikitolewa, wastani unakuwa 3.68. Lakini nani asiyependeza mechi zake mbaya zikifutwa? Hesabu hii haifai kumsafisha. Inafaa kwa jambo jingine: kuonyesha umbo la tatizo. Mtu mwenye hofu angetetemeka kuanzia mpira wa kwanza, kila mechi. Kershaw mara nyingi alikuwa imara kwa muda mrefu, kisha akaporomoka mara moja, na hakuna aliyekuja kumwondoa.

Pia wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba alichoshwa kwa kurushishwa baada ya mapumziko mafupi. Utetezi huu nao haukubaliki wote. Miaka minne mfululizo, 2013 hadi 2016, alianza mechi ya nne ya raundi yake ya kwanza akiwa amepumzika siku tatu. Katika mechi hizo nne alirusha karibu zamu 26 na kuandikiwa alama tisa, tatu kati yake zikiwa zile zilizoingizwa na wenzake mwaka 2016. Huo ni wastani wa 3.16, na mrushaji yeyote wa fainali angeupokea kwa furaha. Kwa hiyo kilichomwangusha hakikuwa siku za mapumziko, kwani hata kwa mkono usiopumzika aliweza zamu sita. Kilichomwangusha ni kuombwa zamu ya saba juu ya hizo sita.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika historia ya Dodgers wenyewe. Sandy Koufax, mashoto aliyevaa jezi hiyo hiyo, alirusha mechi ya saba ya fainali ya 1965 dhidi ya Minnesota Twins akiwa amepumzika siku mbili tu, akaimaliza peke yake bila kufungwa. Wastani wake katika fainali zote ni 0.95. Bob Gibson wa St. Louis ana wastani wa 1.89 katika zamu 81 za fainali, na mwaka 1968 aliwatoa wapigaji 17 kwa mipira mitatu katika mechi moja. Madison Bumgarner, wa zama za Kershaw mwenyewe, alirusha zamu tano za mwisho za fainali ya 2014 akiwa na mapumziko ya siku mbili. Kama wao waliweza, kwa nini yeye ashindwe? Sehemu ya kwanza ya jibu ni kukubali: hao watatu walikuwa bora kuliko Kershaw mwezi wa Oktoba, na utetezi wowote unaokataa hilo haufai kusikilizwa. Sehemu ya pili ni kutazama kinachopimwa. Kabla ya 1969 timu iliyoongoza ligi yake ilikwenda moja kwa moja fainali. Koufax alirusha zamu 57 za Oktoba katika maisha yake yote, akastaafu baada ya msimu wa 1966 akiwa na miaka 30 kwa sababu ya maradhi ya kiungo cha mkono, kwa hiyo karibu zamu zake zote ni za miaka yake bora. Raundi zimeongezeka tangu hapo, mwaka 1969, kisha 1995, kisha 2012. Rekodi ya Kershaw inaanza akiwa na miaka 20 na kuishia akiwa na miaka 37. Ndani yake kuna kijana asiyekomaa, bingwa, na mzee mwenye bega bovu. Oktoba 2023 dhidi ya Arizona alimtoa mpigaji mmoja tu na kufungwa alama sita, na mwezi uliofuata akafanyiwa upasuaji wa bega. Kuziunganisha zamu hizo zote na kuziita msimu mmoja ni kukosea kipimo.

Kuhusu Houston, Oktoba 29, 2017, yasemwe machache. Kershaw aliongoza 4-0, akafungwa alama sita, na Dodgers wakapoteza 13-12. Mwezi Januari 2020 uongozi wa ligi ulitangaza kwamba timu hiyo ya Houston, Astros, ilitumia kamera mwaka 2017 kuiba ishara za wadakaji na kuwaarifu wapigaji wake kwa kugonga pipa la taka, hata katika mechi za mtoano. Klabu ilitozwa dola milioni 5, na meneja mkuu pamoja na kocha wakafungiwa mwaka mzima. Siku tano kabla ya mechi ile ya Houston, mjini Los Angeles, Kershaw alikuwa amewakabili wapigaji hao hao kwa zamu saba, akawatoa 11 kwa mipira mitatu na kufungwa alama moja. Hatuwezi kuthibitisha kila ishara iliyoibwa usiku ule wa Houston, na haifai kuufuta mchezo kwa dhana. Ila anayeutumia usiku huo kama ushahidi wa woga wa Kershaw anatumia ushahidi uliochafuliwa.

Mwaka 2019 ni tofauti, na hapo hakuna pa kujificha. Katika mechi ya tano dhidi ya Washington, Dodgers wakiongoza, aliingia kutoka benchi zamu ya saba na kumtoa mpigaji wa mwisho wa zamu hiyo. Roberts akamrudisha zamu ya nane. Anthony Rendon akaupiga mpira hadi jukwaani, na mpira uliofuata kabisa Juan Soto akafanya vile vile. Mechi ikawa 3-3, na Dodgers wakaipoteza katika zamu ya kumi. Unaweza kumlaumu kocha kwa kumrudisha, na wengi walimlaumu. Lakini Kershaw hakuwa amechoka kwa zamu sita, wala Rendon na Soto hawakuwa wakimwona kwa mara ya tatu usiku ule. Alirusha mipira miwili mibaya kwa wapigaji wawili hodari. Mwenyewe alikiri mbele ya waandishi kwamba yanayosemwa juu yake na Oktoba ni kweli. Makosa ya namna hii yapo katika rekodi yake, na ni yake.

Mwaka uliofuata desturi ilibadilika. Katika fainali ya 2020 dhidi ya Tampa Bay Rays, Kershaw alishinda mechi ya kwanza kwa zamu sita na alama moja. Katika mechi ya tano, akiongoza 4-2 zamu ya sita, alimtoa mpigaji wa kwanza kwa mpira mmoja na wa pili kwa mpira mwingine mmoja. Hapo hapo Roberts akatoka kwenda kumwondoa. Mashabiki wa Dodgers walimzomea kocha wao. Mwaka 2014 kocha angegeuka na kurudi benchi. Roberts hakugeuka, timu ikashinda kwa 4-2 hizo hizo, na siku mbili baadaye Dodgers wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1988, mwaka aliozaliwa Kershaw. Katika mechi hiyo ya mwisho kocha wa Rays, Kevin Cash, alimwondoa Blake Snell zamu ya sita akiongoza 1-0, akiwa amerusha mipira 73 tu na kuwatoa tisa kwa mipira mitatu. Aliyempokea alipigwa mara moja na mechi ikageuka. Anayetaka kusema kwamba kumwondoa nyota mapema ni dawa ya kila ugonjwa ana mfano huo wa kumnyamazisha. Hoja yangu haisemi hivyo. Inasema kwamba uamuzi wa kumwacha au kumwondoa una mwenyewe, na mwenyewe huyo ni kocha. Cash alilaumiwa kwa uamuzi wake, Little alilaumiwa kwa wake, na kwa Kershaw lawama zilikwenda kwenye moyo wa mrushaji.

Oktoba 2025, katika mechi ya tatu ya fainali dhidi ya Toronto Blue Jays, Kershaw aliitwa zamu ya 12 kumkabili mtu mmoja, vituo vyote vimejaa. Alimtoa, akaenda kukaa, na Dodgers wakashinda 6-5 katika zamu ya 18. Sasa jina lake litafika kwa waandishi wa besiboli wanaopigia kura Jumba la Mashujaa la Cooperstown, ambako mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu na huhitaji asilimia 75 ya kura. Ataingia, sina shaka. Kazi iliyobaki ni ya wanaoandika historia yake, na ombi langu kwao ni moja. Wakifika kwenye 4.62, waiandike namba hiyo bila kuipunguza, kisha pembeni yake waandike ni zamu gani alikuwa akirusha alipofungwa, na nani alikuwa kocha.